Ila Iliyofichika na Yule Anayeijua

"Nakuuzia kama ilivyo." Kwa wauzaji wa kompyuta za mtumba hapa Darajani, maneno haya hutamkwa pesa zikiwa bado mkononi mwa mnunuzi, na yakishatamkwa muuzaji hujiona ametoka katika dhima. Mashine ikifa kesho, imefia kwa mwenyewe. Mimi ni fundi. Siuzi wala sinunui, lakini mashine hizo huishia mezani kwangu, na kuna mambo mawili ambayo nimejiuliza kwa miaka mingi na ambayo naona hayazungumzwi vya kutosha katika darsa zetu. Je, maneno hayo yanamvua mtu dhima mbele ya Mwenyezi Mungu? Na mimi, niliyeifungua mashine nikaona kilichomo, nina dhima gani?

Kwamba kudanganya ni haramu, hakuna anayebisha. Ugumu uko kwingine. Kompyuta kuukuu imepita mikononi mwa watu tusiowajua, imevuka bahari ndani ya kontena, na anayeiuza huenda ameiwasha mara moja tu kuhakikisha inaonesha picha. Akisema haijui ila yake, pengine anasema kweli. Sasa kutojua kwake kuna uzito gani?

Nianze na mashine yenyewe, maana swali hili likizungumzwa juu juu hupotea. Mwalimu mmoja wa tuisheni aliniletea kompyuta ya mezani aliyoinunua dukani, enzi ambazo Windows XP ya 2001 ilikuwa bado ndiyo mfumo wa mashine nyingi za mtumba hapa Unguja. Kila alipoiwasha, kabla hajagusa kitu, kilijitokeza kisanduku cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza: kuna huduma au draiva, moja au zaidi, iliyoshindwa wakati mfumo unaanza, basi atazame daftari la matukio. Alikuwa akibonyeza kukubali na kuendelea na kazi zake, lakini moyo haukutulia.

"Fundi, nimeuziwa kitu kibovu," aliniambia. "Kila asubuhi kinalalamika."

"Tukisikilize kwanza, mwalimu," nikamjibu.

Daftari hilo halina siri. Ukilifungua, unaona orodha ndefu ya mistari, kila mmoja na tarehe yake, saa yake, jina la kilichoandika na namba ya tukio. Mambo ya kawaida yana alama ya buluu, tahadhari ina pembetatu ya njano, na kushindwa kuna duara jekundu lenye msalaba mweupe. Tulikuta misalaba miwili iliyokuwa ikirudi kila mashine ilipowashwa. Wa kwanza, tukio namba 7026, uliitaja draiva iitwayo i8042prt. Jina hilo limetokana na chipu ya 8042 iliyosimamia kibodi katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1984, na kazi ya draiva hiyo ni kibodi na mausi za tundu la duara. Mwalimu alikuwa anatumia za USB. Draiva iliamka kila asubuhi ikatafuta kibodi ya mtu aliyekuwa na mashine kabla yake, haikuikuta, ikaandika kwamba imeshindwa. Msalaba wa pili, namba 7000, ulihusu tundu la pini 25 la printa za zamani. Mtu alilizima kwenye bayosi, na draiva yake ikabaki ikitumwa kazi isiyokuwepo.

Hapo hakuna ugonjwa. Ukichomeka kibodi ya duara, msalaba wa kwanza unaondoka. Ukilifungua tundu la printa kwenye bayosi, au ukaiambia draiva yake isianze, wa pili nao unakwisha. Mwalimu alianza kutabasamu.

Lakini nilikuwa nimeshateremka chini zaidi. Kati ya mistari ya buluu niliona msalaba mwingine, tukio namba 7, lililoandikwa na diski, likijirudia siku hadi siku: kifaa hiki kina sehemu mbovu. Hilo halifungui kisanduku chochote. Kisanduku cha asubuhi kinahusu huduma na draiva tu. Diski inayoanza kuharibika huandika daftarini ikanyamaza, na mwenye mashine hajui lolote mpaka siku faili la mitihani linapokataa kufunguka. Nikatazama tarehe. Mistari ile ilianza kabla ya tarehe ya risiti yake. Nilihakikisha kwanza kwamba saa ya mashine haikuwa imepotea, kwa sababu betri ndogo ya kwenye bodi ikifa tarehe zote huwa za uongo, na si haki kumtuhumu mtu kwa ushahidi wa saa mbovu. Saa ilikuwa sawasawa.

Kwa hiyo kelele iliyomnyima mwalimu usingizi haikuwa na madhara, na madhara yalikuwa mahali pasipo na kelele. Tangu siku hiyo mashine ile imekuwa ndiyo ninayoirejea kila tunapofika mlango wa biashara.

Katika darsa yetu ya baada ya isha tulikuwa tukisoma Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho watu wa pwani hii, wafuasi wa Imamu Shafii, wamekitegemea kwa vizazi. Kwake yeye, ila inayompa mnunuzi haki ya kurudisha ni ile inayopunguza kitu au thamani yake kiasi cha kumkosesha lengo la halali, ikiwa kwa kawaida vitu vya jinsi hiyo havina upungufu huo. Kipande hiki cha mwisho kina insafu kubwa, na watu hukipita haraka. Laptop ya mtumba ambayo betri yake haikai na chaji haina ila kwa maana hii, kwa sababu wenzake wengi wako hivyo hivyo na kila anayeingia sokoni analijua hilo. Kibodi iliyofutika herufi, kadhalika. Na kisanduku cha asubuhi kilichozaliwa na kibodi isiyokuwepo nacho ni hivyo: karibu kila mashine iliyobadilisha mwenyewe ina masalio ya namna hiyo. Mwalimu asingekuwa na haki ya kuirudisha kwa ajili yake. Diski yenye sehemu mbovu ni jambo jingine. Diski za mtumba zilizo nyingi hazina ila hiyo, na inapiga lile lengo hasa la kununua kompyuta, yaani kuhifadhi kazi yako uikute kesho.

Basi mwenye duka anasema: nilimwambia kama ilivyo. Hapa kuna kisa ambacho Imamu Malik amekisimulia katika Muwatta. Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujivua na kila ila. Mnunuzi akaja kulalamika kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa, wakaenda kwa khalifa Uthman. Uthman akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alimuuza hali ya kuwa haujui ugonjwa huo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa, akapona kwake, akamuuza baadaye kwa dirhamu 1,500.

Siwezi kukisoma kisa hiki katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 pale Mkunazini, mwendo mfupi kutoka meza yangu, bila kusimama. Aliyekuwa akibishaniwa pale ni binadamu mgonjwa, na jina lake halikuhifadhiwa. Nakitaja kwa sababu ya hukumu iliyomo, na napenda msomaji ahisi uzito huo kama ninavyouhisi.

Hukumu ndiyo hii: sharti la kujivua halikumtosha Ibn Umar. Aliulizwa alikuwa anajua nini. Imamu Shafii akajenga juu ya hapo, na Minhaj imeishika kauli yake: anayeuza kwa sharti la kujivua anasalimika na ila moja tu, ile ya ndani, ya mnyama, ambayo mwenyewe hakuijua. Ila ya dhahiri haisameheki. Anayoijua haisameheki. Na ya kisichokuwa mnyama haisameheki hata kama hakuijua. Wafuasi wa Abu Hanifa wana msimamo mwepesi zaidi, wao wanaliruhusu sharti hilo kwa ila zote, kwa hiyo sisemi kwamba wanazuoni wamekubaliana. Nasema tulichorithi sisi.

Kwa nini mnyama peke yake? Sababu waliyoitoa ni kwamba mnyama anakula, anapata afya na maradhi kwa zamu, tabia yake hugeuka, na ni nadra akakosa ila iliyojificha. Mwenye kumfuga analala naye zizi moja asijue kilichomo tumboni mwake. Nguo na chombo haviko hivyo.

Mwenzangu mmoja wa darsani, muuza simu, alishikilia kwamba kompyuta iingizwe katika hukumu ya mnyama, na hoja yake ilikuwa na nguvu. Mashine huwaka leo, ikagoma kesho, keshokutwa ikawaka tena bila kuguswa. Joto linaibadilisha, unyevu wa chumvi unaila. Alitukumbusha miezi ya giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilipokosa umeme wa kutoka bara na kila duka likawa linanguruma jenereta. Mashine ngapi zilipata maradhi wakati ule ambayo yalikuja kuonekana baadaye? Alitaja pia zile kapasita za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotengenezwa vibaya, zikawa zinavimba kichwa taratibu juu ya bodi huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Nani angejua kabla hajafungua kifuniko? Basi muuzaji asiyejua, alisema, ahurumiwe kama mwenye ng'ombe.

Nilimkubalia nusu. Kapasita iliyokuwa nzima siku ya kuuza na kuvimba mwezi mmoja baadaye simdai mtu. Lakini nilimwonesha pale ambapo mfano wake unakatika. Mwenye ng'ombe anasamehewa kwa sababu ng'ombe hana anapoandika. Maradhi yake yamefichika hata kwa mwenyewe. Kompyuta inaandika. Kila ilipowashwa kule ilikotoka, kila draiva iliyoshindwa, kila mara diski ilipojikwaa, imewekwa tarehe na saa. Diski zenyewe, tangu miaka ya 1990, zinahesabu zimefanya kazi saa ngapi na sehemu ngapi zimeharibika zikahamishwa, na programu za kuisoma hesabu hiyo ni za bure. Ila ya diski ya mwalimu ilikuwa imefichika kwa mnunuzi, hilo ni kweli. Kwa muuzaji ilikuwa imefichika kwa maana tu kwamba hakufungua daftari.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo zima. Kuna asiyejua kwa sababu hakuna njia ya kujua, na kuna asiyejua kwa sababu akijua itabidi aseme. Wote wawili wakiulizwa dukani watajibu "sijui", na ulimi wa kila mmoja utakuwa umesema kweli. Nikifikiria kiapo alichotakiwa Ibn Umar, naona mwenye duka wa leo ingefaa aapishwe kwa urefu zaidi kidogo: kwamba hakujua, na kwamba hakukwepa kujua. Wapo wauzaji ninaowafahamu ambao wangeapa kiapo hicho bila kutetereka. Wapo ambao wangefanya kama Ibn Umar, wakairudisha mashine kuliko kuapa, na hao nawaheshimu sana.

Kuna pingamizi la haki. Muuzaji wa mtumba si fundi. Amepokea shehena, Kiingereza cha daftari lile hakisomi, na akimlipa mtu aipime kila mashine faida yote inakwisha. Nalikubali. Sheria haimtaki ajue asichoweza kukijua. Inamtaka asiseme zaidi ya anachokijua. "Haina neno, hii ni nzima kabisa" ni ushahidi, na huwezi kushuhudia usichokiona. "Sijaipima, niliiwasha tu ikaonesha picha" ni maneno ambayo hata asiyesoma anaweza kuyasema, na mnunuzi akiyasikia anajua amepewa nini na alipe kiasi gani. Tena haitoshi kwamba ila haikuletwa na muuzaji. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni vidole vikatoka na unyevu. Mwenye rundo alijitetea kwamba ni mvua. Hakuambiwa kwamba mvua ni kosa lake. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu kilicholowa ili watu wakione. Mwenye duka wetu hakuiharibu ile diski. Aliiacha chini ya rundo.

Na wapo wanaofanya zaidi ya kuacha. Kile kisanduku cha asubuhi kinaweza kunyamazishwa: kuna sehemu ndani ya mfumo unapobadilisha namba moja, ukawasha upya, na hakitokei tena, ingawa draiva inaendelea kushindwa kama kawaida. Daftari zima nalo linafutika kwa kubonyeza mara mbili tatu. Nimeletewa mashine ambazo daftari lao linaanza siku moja kabla ya kuuzwa, mashine za miaka mingi zisizo na jana. Huku ni kule kufunga chuchu za ngamia au mbuzi siku kadhaa ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ndiyo kawaida yake. Mtume alikataza hilo kwa jina lake, akampa mnunuzi hiari baada ya kukamua: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyatumia. Hata aliyedanganywa alitakiwa alipie maziwa. Uadilifu wa namna hii unanishangaza kila ninapousoma.

Lakini mkono wangu mwenyewe hubadilisha namba ile ile. Ujumbe unapotokana na kibodi isiyokuwepo, mwenye mashine akaelezwa, akaridhika, naunyamazisha ili asisumbuke. Kitendo ni kimoja. Kinachotenganisha ni nani anajua na nani amefichwa, pamoja na nia iliyomo, na nia haiandikwi kwenye daftari lolote ninaloweza kulifungua mimi.

Sasa nije kwenye dhima ya fundi, ambayo wengi katika kazi yetu huiona haipo. Husema: mimi nalipwa kurekebisha, mauzo si yangu. Imamu Ghazali, katika sehemu ya Ihya inayohusu kuchuma riziki, ana kisa ambacho natamani kingebandikwa katika kila karakana. Wathila bin al-Asqa, sahaba, alikuwa amesimama sokoni mtu akauza ngamia jike kwa dirhamu 300. Wathila alighafilika kidogo, na mnunuzi akawa ameshaondoka na ngamia wake. Akamkimbilia huku akimwita, akamuuliza: umemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Akajibu, kwa kupanda. Akamwambia kwamba kwenye unyayo wake kuna tundu alilokwisha kuliona, na ngamia huyo hatahimili mwendo mrefu. Mnunuzi akarudi kwa muuzaji, akapunguziwa dirhamu 100. Muuzaji akamlaumu Wathila kwamba amemharibia biashara. Wathila akamjibu kwa agano alilompa Mtume la kumtakia mema kila Mwislamu, na kwa hadithi isemayo kwamba si halali kwa muuzaji kuificha ila, wala si halali kwa aijuaye kuacha kuibainisha.

Wathila hakuwa muuzaji. Hakuwa dalali. Alikuwa mtu aliyeona. Tena hakuanza kwa kutangaza ila barabarani. Alianza kwa kuuliza ngamia ni wa kazi gani, maana kwa mwenye kutaka nyama tundu la unyayo si kitu. Ndiyo maana nami humuuliza mteja kwanza anaitakia nini mashine. Diski yenye sehemu mbovu kwa mtu anayetaka kung'oa bodi na ram auze vipuri haina maana yoyote. Kwa mwalimu anayeweka humo alama za wanafunzi wake ni msiba unaosubiri siku yake.

Niliandika tarehe za tukio namba 7 kwenye karatasi, nikampa mwalimu, akaenda nayo dukani. Mwenye duka alianza kwa "nilikwambia kama ilivyo", akaishia kumbadilishia diski. Baadaye alinipitia. Ni mtu mzima, nami humheshimu, na kazi zake nyingi zilikuwa zinakuja kwangu.

"Mwanangu," alisema, "umeniharibia biashara."

"Mzee, niliulizwa nikasema nilichokiona," nilimjibu. "Ungeniuliza wewe kabla ya kuuza, ningekwambia hayo hayo."

Hakunijibu. Kwa muda kazi zake zilipungua mezani kwangu, kisha akaanza kuniletea mashine kabla hajaziweka dukani, si zote, zile anazozitilia shaka. Namlipisha kidogo kwa kuzipima, na zenye ila anaziuza kwa bei ya chini huku akiitaja.

Mashine zitazidi kuja. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima kabisa haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu ya masharti yake ya chipu, kwa hiyo ofisi za ng'ambo zinazitoa, na njia ya kufika huku kwetu inajulikana. Ewe unayekwenda kununua, usimuulize muuzaji kama mashine ni nzima. Muulize ameipima nini, na mwambie waziwazi unaitakia kazi gani. Omba iwashwe mbele yako, daftari la matukio lifunguliwe na hesabu ya diski isomwe kabla pesa hazijatoka mkononi. Na akiwepo fundi pembeni amenyamaza, mgeukie umuulize yeye ameona nini.